Ekstensheni, gadi, stabilaiza au UPS: kipi kitaiokoa monita yako kwenye nyumba ya Mombasa?

Balbu ndiyo iliyonionya. Ilikuwa balbu ya sebuleni, zile za zamani zenye waya ndani, na mwanga wake wa manjano ghafla ukawa mweupe kama jua la saa saba. Feni ya dari nayo ikaanza kuvuma kama inataka kung'oka. Hiyo ilikuwa Tudor, ghorofa ya tatu, nimekaa mbele ya monita ya inchi 22 namalizia ankara ya mteja. Nikanyoosha mkono nizime soketi, sikuwahi. Pa! Harufu ya plastiki iliyoungua, skrini giza. Dakika hiyohiyo jirani wa chini alikuwa akilalamika kwenye ngazi kwamba shawa yake ya maji moto imepoa na taa zake zimefifia kama kibatari.

Kesho yake nikaipeleka monita kwa fundi mmoja mzee karibu na Mwembe Tayari. Akaifungua, akainusa kabla hata ya kuitazama, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Fyuzi ya ndani ilikuwa nyeusi kama wanja. Kijisahani cha buluu, ambacho mafundi hukiita varista, kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Kapasita kubwa, kile kikopo kinachohifadhi stima, ilikuwa imefura kichwa na kutapika.

"Hii haikufa kwa uzee, mwanangu," akaniambia. "Hii imeuawa. Usiniletee nyingine kabla hujamwita mtu akaangalia nyutro yenu."

"Lakini ami, nilikuwa nimeichomeka kwenye ekstensheni ya kuzuia sarji."

Akacheka tu, akaendelea na kazi.

Nyutro, yaani waya wa kurudishia stima, ilipoangaliwa, skrubu inayoishika kwenye bodi ya mita chini ya ngazi ilikuwa imeota kutu ya kijani, na waya unachezacheza ukiugusa. Hewa ya chumvi hiyo. Ekstensheni yangu, na taa yake nyekundu na maandishi makubwa ya kulinda kompyuta, haikuwa na la kufanya. Tangu hapo watu huniuliza wanunue nini, na mimi huwauliza kwanza: stima za kwenu zinaumwa nini?

Kabla ya kununua chochote: monita imekufa kweli?

Monita nyingi zinazoletwa kwa fundi zikiwa "zimeungua" hazijaungua. Anza na kebo ya stima. Kebo ya monita kwa kawaida ni sawa na ile ya nyuma ya kompyuta ya mezani, kwa hiyo zibadilishe uone. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, ifungue uitazame. Ikiwa imekatika, weka ya ampea zilezile, usiweke ya 13 mahali palipokuwa na ya 3 au 5 kwa sababu ndiyo uliyoikuta dukani. Na msumari au karatasi ya sigara badala ya fyuzi, hilo nimeliona Majengo kwa macho yangu, ni kutafuta moto.

Kama taa ya monita inawaka na skrini inaandika kwamba haioni signali, upande wa umeme ni mzima na kosa liko kwenye kebo ya picha au kompyuta yenyewe. Ila ikiwa hali hiyo imeanza baada ya ngurumo au stima kuchezacheza, jaribu tundu jingine la picha. Huenda HDMI imekufa na VGA bado inafanya kazi. Nimeona monita iliyotumiwa hivyo miaka miwili.

Taa ikipepesa, au ukisikia ti-ti-ti kwa ndani, au monita ikawa lazima uiwashe mara tano ndipo ikubali, hapo mara nyingi kapasita za sehemu ya umeme zimechoka. Hiyo hutengenezwa, na bei yake haiumizi. Skrini ikiwa giza lakini sauti ya kompyuta unaisikia, zima taa za chumba, mulika skrini kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona picha hafifu kama kivuli, paneli ni nzima, taa za nyuma ndizo zilizokufa. Mistari ya kusimama isiyoondoka hata ukibadilisha kebo, ama doa jeusi linalosambaa, ni paneli. Hapo usipoteze nauli.

Halafu kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halina gharama: ibebe monita na kebo yake mpaka kwa jirani wa jengo jingine, au saiba (duka la intaneti) ya mtaani, uiwashe huko nusu saa. Ikitulia kule na ikarudi kupepesa kwako, mgonjwa ni nyumba.

Kitu kimoja usijaribu: kuifungua mwenyewe monita yenye umeme wa ndani, yaani inayochomekwa kebo ya stima moja kwa moja bila adapta. Stima ya volti 240 ikishageuzwa mle ndani inakaa kwenye kapasita karibu volti 340, na inaweza kubaki hapo hata baada ya kuchomoa plagi.

Stima inaumwa nini

Nyutro naiweka mbele kwa sababu ndiyo inayoua. Majengo mengi ya ghorofa yanaingiziwa fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye moto, kila moja volti 240 ukipima na nyutro, lakini 415 ukipima fezi kwa fezi. Kinachozifanya zote zikae kwenye 240 ni ule waya mmoja wa nyutro. Ukilegea au ukakatika, nyumba zinaanza kugawana 415 kinyume cha haki: anayetumia moto mwingi, shawa, pasi, jiko, anapata volti kidogo, na aliyewasha balbu na monita tu ndiye anayemiminiwa. Ndiyo maana jirani yangu alioga maji baridi na mimi nikazika monita. Dalili yake ni hiyohiyo: kwako kunang'aa, kwa mwenzako kunafifia, na mtu akizima pasi mambo yanabadilika. Siku hizi balbu za LED zinaficha siri hii, kwa kuwa nyingi hazibadilishi mwanga kirahisi. Sikiliza feni.

Kisha kuna stima inayorudi. Ikipotea Kisauni nzima, friji zote, pampu zote na viyoyozi vyote hubaki vimewashwa kwenye soketi, na ikirudi vinaamka kwa pamoja. Dakika za mwanzo stima hupanda na kushuka, hukatika tena, hurudi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima zilipopotea karibu nchi nzima, watu wengi walilala na vyombo vimechomekwa. Hatari kwa vyombo haiko kwenye giza, iko kwenye kurudi.

Stima hafifu ni kitu kingine kabisa. Ni ile ya jioni ya Ramadhani kila nyumba inapika, au nyumba iliyovuta waya mwembamba mita 40 kutoka kwenye mita ya mwenye nyumba. Ukipima unakuta 190, 180. Friji inalia. Monita, na hili wengi hawalijui, kwa kawaida haijali. Geuza ya kwako usome kibandiko cha nyuma: nyingi zimeandikwa 100–240. Volti 170 kwake ni chakula tosha. Shida huanza upande wa juu, kwani nafasi iliyobaki juu ya 240 ni ndogo, na kapasita yake kubwa kwa kawaida imeandikwa volti 400 au 450. Fanya hesabu: 240 ikigeuzwa ni kama 340, imo. Lakini 350 ikigeuzwa ni karibu 495, na hapo ndipo kapasita inapotapika.

Radi hatupati nyingi kama watu wa Kisumu, ila mvua za mwaka zikianza haikosi moja mbili. Na radi haiji kwa soketi tu. Mitaa yetu imejaa kebo za intaneti za shaba zinazotambaa juu ya mapaa kutoka jengo hadi jengo. Kebo hiyo inaingia kwenye ruta, kutoka ruta inaingia kwenye kompyuta, na kutoka kompyuta kupitia HDMI inaifikia monita. Faiba ni kioo, haibebi stima. Kama unayo chaguo kati ya hizo mbili, umeshajua.

Mwisho athi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Ukigusa kasha la kompyuta kwa mguu mtupu kwenye sakafu ya saruji na vidole vikawashwawashwa, nyumba yako haina athi, au plagi yako haiifikii. Mtu amenunua kebo ya pini mbili, akapenyeza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili zile mbili ziingie, basi athi kwaheri. Kasha likiwa hivyo, ukichomeka HDMI huku vyote viwili vimewashwa, ile cheche ndogo huweza kuondoka na tundu la monita.

Ekstensheni ya sarji na gadi

Hizi mbili ndizo watu hulinganisha dukani Biashara Street, zikiwa zimetundikwa jirani, na bei zake si mbali sana. Kazi zake hazifanani hata kidogo.

Ekstensheni ya sarji, yaani ya kuzuia mruko wa ghafla wa stima, ikiwa ni ya kweli, ina varista ndani. Varista hukaa kimya mpaka stima iruke ghafla, kisha kwa kitambo kidogo mno hufungua njia na kuumwaga mruko huo kwenye nyutro na athi. Kwa mruko mfupi, wa radi ya mbali au wa mota kubwa ikizimwa, inafaa, na inafaa kwa kasi ambayo gadi haiwezi. Lakini kila mruko unaila kidogo. Siku moja inaisha, na ekstensheni inaendelea kupitisha stima kama kawaida. Nzuri ina taa ya pili, tofauti na ile ya swichi, inayozimika ulinzi ukiisha. Nyingi za mtaani zina taa moja tu, nayo inaonyesha kwamba swichi imewashwa, basi.

Mpe varista nyutro iliyokatika, yaani volti 330 zisizoondoka, uone. Yeye ameumbwa kwa mruko wa kufumba na kufumbua. Huu ni mto. Anachemka, anaungua, na katika ekstensheni nyingi akishakatika anajitoa yeye peke yake na kuiacha laini iendelee hadi kwa monita. Hiyo ndiyo hadithi yangu ya Tudor kwa sentensi moja. Na tukiongeza kwamba bila athi sehemu ya njia zake za kumwaga haipo, utaona kwa nini fundi alicheka.

Gadi, hasa ile inayouzwa kama ya TV, hufikiria kinyume. Haimwagi kitu. Inapima volti muda wote, na zikitoka nje ya mipaka yake, juu au chini, rilei, yaani swichi inayojiendesha kwa stima, inakata. Tak. Stima ikitulia haifungui hapohapo. Inangoja, inahesabu, kisha inaruhusu. Kungoja huko ndiko kunakoikinga monita na zile dakika za mwanzo za stima kurudi. Gadi ya friji nayo inafanya kazi hiyohiyo lakini inangoja dakika kadhaa, kwa ajili ya kompresa ipumzike. Ukiiweka kwenye meza ya kompyuta haitaharibu kitu, itakukera tu. Udhaifu wake ni upande wa radi: rilei ni chuma kinachosogea, na mruko wa radi umeshapita kabla hakijasogea. Ndiyo sababu gadi nzuri huwa na varista pia ndani, na ndiyo sababu ngurumo zikisikika plagi bado inachomolewa kwa mkono.

Ukiinunua, tafuta kwenye boksi vitu viwili. Mipaka ya kukatia iwe imeandikwa kwa tarakimu, na upande wa juu usipite sana 260. Kisha iandike inavumilia volti ngapi yenyewe, maana gadi inayokata kwenye 260 lakini inaungua kwenye 300 imekusaidia mara moja tu. Ukiona haina tarakimu hata moja, ina picha ya TV na umeme wa radi tu, irudishe msumarini.

Kwa maradhi ya Mombasa, mimi kati ya hizi mbili nachukua gadi. Ekstensheni nainunua kwa ajili ya matundu yake, naichomeka nyuma ya gadi.

Stabilaiza: nzuri, kwa chombo kingine

Ni lile boksi zito lenye sindano au namba zinazocheza. Ndani mna transfoma yenye matawi, na rilei zinazochagua tawi: stima ikishuka hadi 180 inaipandisha kuelekea 230, ikizidi kidogo inaishusha. Mtu aliyeko kwenye waya mrefu kule Mtopanga, au Likoni mwisho wa laini, ana haki ya kuipenda. Friji itamshukuru.

Lakini tumeshaona kwamba monita haiumwi na stima hafifu. Unailipia dawa ya ugonjwa isio nao. Na kuna jambo dogo la hatari: ikiwa imepandisha kwa sababu stima ilikuwa 170, na stima ya mtaa ikarudi ghafla kwenye 240, kwa kitambo kabla rilei haijageuka inatoa zaidi ya 240. Stabilaiza nzuri zina kizuizi cha hilo na pia hukata zikishindwa. Za bei rahisi sina imani nazo.

Ila kama una kompyuta ya mezani ya zamani yenye swichi nyekundu ya 115 na 230 kwa nyuma, hiyo haina uvumilivu wa monita. Stima hafifu itaizima katikati ya kazi. Kwa huyo stabilaiza, au UPS (boksi lenye betri linaloshika kazi stima zikipotea), ina maana. Na usiiguse hiyo swichi nyekundu. Kijana mmoja wa saiba aliisogeza kwenye 115 akiamini stima za kwao ni chache. Moshi ulitoka kabla hajakaa kitini.

UPS

Hapa unanunua muda, na ulinzi unakuja nao. UPS ndogo za madukani, zilizoandikwa 650VA hivi, nyingi zina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7. Kwa kompyuta ya mezani na monita ya kawaida, betri ikiwa mpya, hesabu robo saa hivi. Inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu. Mtu anayefanya kazi za mtandaoni na kompyuta yake ni ya mezani, hana njia nyingine. Gadi itamwokolea monita lakini ankara isiyohifadhiwa imekwenda.

Aina mbili ndizo utakazoonyeshwa. Ile ya chini kabisa inapitisha stima kama ilivyo mpaka ikatike, kisha inaruka kwenye betri. Ya pili inasawazisha kidogo volti zikishuka au kupanda kabla ya kukimbilia betri, na hiyo ndiyo ya kununua hapa, la sivyo jioni za stima hafifu itakaa inapiga kelele na kula betri kila siku. Ipo ya tatu, inayogeuza stima yote muda wote. Hiyo ni ya sava za ofisini na bei yake ni ya ofisini.

Joto ni adui wa betri hizi. Kanuni ya kawaida ya betri za risasi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25, umri unakatika nusu hivi. Chumba chetu msimu wa joto wa Kaskazi kinafika 32 bila aibu, na ndani ya boksi la UPS ni zaidi. Betri ambayo kwenye karatasi inaishi miaka mitatu mpaka mitano, hapa usishangae ikifa kabla ya miwili. Kwa hiyo bei ya UPS ni ile ya dukani pamoja na betri utakayobadilisha. Usiibane ukutani chini ya meza nyuma ya pazia, iache ipumue.

Na UPS yenyewe ni chombo cha stima kama vingine. Nyutro ikikatika, inayopokea 330 mlangoni ni yeye. Mara nyingi hujitoa kafara na monita ikabaki hai, jambo ambalo ni zuri mpaka ukumbuke UPS ni bei gani na monita ya mtumba ni bei gani. Kama utanunua, iweke nyuma ya gadi: ukuta, gadi, UPS, kompyuta. Gadi ikikata, UPS inaona stima zimepotea, inashika kazi kwa betri. Printa ya leza na pasi zisikaribie.

Kilicho bora kuliko vyote hakiuzwi dukani kwa kompyuta

Skrubu ya nyutro iliyokazwa. Rodi ya athi iliyochimbiwa vizuri na kufungwa kwa klampu isiyooza. Soketi iliyolegea, ile yenye uso uliogeuka kahawia na plagi inayotoka joto, ikabadilishwa. Kazi hizi zinalinda nyumba nzima, na zikikosekana hakuna boksi litakalokutosha.

Mpangaji atasema nyumba si yake. Kweli. Ila picha ya simu ya ile kutu ya kijani, na ya balbu zilizoungua tatu kwa wiki, humfikia mwenye nyumba haraka kuliko maneno, hasa ukimwambia kwamba bodi ya mita inayochemka huwaka moto. Kwa upande wa ndani atafutwe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia nishati. Kuanzia mita kurudi nyuma hadi kwenye nguzo, fundi wa mtaani asiguse; hiyo ni Kenya Power, 97771. Ukiona dalili za nyutro, zima swichi kubwa kwanza papo hapo, kisha ndiyo upige simu.

Nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na mita moja zina tatizo lake: kila mpangaji kajivutia waya, viungio vimefungwa kwa nailoni, na athi imeishia chumba cha kwanza. Huko nunua kwanza kile kimita kidogo cha kuchomeka kinachoonyesha volti. Bei yake ni ndogo. Kiache wiki nzima, utazame asubuhi, utazame saa moja usiku. Kikikaa 215 mpaka 245, huna sababu ya kutumia pesa nyingi. Kikionyesha 270 hata mara moja, chomoa vyombo kabla ya kumaliza kusoma.

Kutengeneza au kununua nyingine, na nyingine ipi

Kapasita, fyuzi na varista: tengeneza, hata kama monita ina miaka kumi. Taa za nyuma: inategemea ukubwa na fundi. Paneli: nunua nyingine.

Na ukienda kununua za mtumba kutoka Uingereza, zinazoshushwa hapahapa bandarini kwetu, nikupe siri ambayo ilinigharimu. Kuna monita zenye umeme ndani, unachomeka kebo moja kwa moja. Na kuna zenye adapta ya nje kama ya laptopu, volti 12 au 19. Watu huikwepa ya adapta wakiona ni kitu cha kupotea. Mimi naichagua makusudi. Stima ikija vibaya, kinachokutana nayo mwanzo ni adapta, na mara nyingi kinachokufa ni hiyo peke yake. Adapta inapatikana: volti zilezile, ampea zilezile au zaidi, ncha inayoingia na yenye chanya upande uleule. Hakuna kufungua monita, hakuna fundi.

Mwenye laptopu ana njia fupi kuliko zote. Betri yake ni UPS aliyokwisha kuinunua. Akiongeza skrini ndogo ya kubebeka inayokula umeme wa laptopu kwa waya wa USB-C, stima zikipotea skrini zote mbili zinaendelea, na kinachohitaji kulindwa ukutani ni adapta moja tu. Gadi ya TV inatosha.

Kwa mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba Bombolulu, na kompyuta ya mezani aliyopewa na kaka yake: gadi leo, UPS akipata kazi. Mwenye saiba ya mashine sita Magongo asinunue gadi sita za soketi. Amwite fundi amfungie moja kubwa kwenye bodi, inayokata laini nzima, na UPS aiweke kwenye mashine ya malipo tu. Anayefanya uhasibu wa watu nyumbani, kompyuta ya mezani, wateja wanangoja: gadi na UPS pamoja, na betri ya akiba aiandikie bajeti mwaka wa pili. Mwenye monita ya bei kali ya kuhariri picha asubiri kwanza nyutro ikazwe.

Mimi nilihama Tudor, lakini si kwa ajili ya monita. Hapa nilipo kuna gadi ukutani, ekstensheni nyuma yake, na monita ya adapta niliyoipata kwa mzee yuleyule. Aliniuzia bila kebo ya picha, akasema nimuulize mkewe, naye akaniambia nimuulize yeye.